Sweet Home 3D kwa ramani ya nyumba ya kawaida: nimeipima kwa rula

Programu ya kuchora ramani ya nyumba naipima kwa rula. Nachora chumba cha mita 3.60, nachapisha kwa skeli ya 1:50 (sentimita moja ya karatasi ni 50 za nyumba), naweka rula juu ya karatasi. Ikisoma milimita 72, tunaendelea kuongea. Isiposoma, makochi na mapazia yake ya 3D hayanisaidii, maana fundi wa Nkuhungu au Nzuguni hapa Dodoma hajengi kochi.

Sweet Home 3D inafaulu. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha haikuombi bando tena. Laptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 4 inaiendesha. Ikiwa nzito, vuta mpaka wa kidirisha cha 3D hadi kifichike, uchore kwa ramani bapa tu. Kazi ya maana iko pale hata hivyo.

Tatizo la kwanza linakuja kabla hujachora hata mstari mmoja. Programu inaanza na ukuta wa unene wa sentimita 7.5 na urefu wa kwenda juu wa sentimita 250. Hakuna anayejenga hivyo Dodoma. Tofali la saruji la inchi 6 ukilisimamisha linakupa ukuta wa sentimita 15, ukililaza unapata 23. Kwa hiyo ingia kwanza kwenye mipangilio, chagua kipimo cha sentimita, weka unene wa 15 na urefu wa 300. Dari ya mita 3 inasaidia joto la Oktoba na Novemba, na ukiiweka mapema hutarudi kurekebisha ukuta mmoja mmoja.

La pili ndilo linaloharibu ramani nyingi, na halionekani kwa macho. Programu inapima ukuta kutoka katikati ya unene wake. Ukichagua zana ya ukuta, ukabofya pembe ya kwanza, ukabonyeza Enter na kuandika 360, hujapata chumba cha 360. Nusu ya unene wa ukuta wa kila upande imeingia ndani, yaani 7.5 na 7.5, na nafasi iliyobaki ni 345. Plasta ya sentimita 1.5 kila upande inakula 3 nyingine. Chumba ulichomwahidi mama watoto kuwa ni cha futi 12 kimekuwa cha 342, futi 11 na kidogo, na kabati lililopimwa kwa futi 12 halipiti. Dawa yake: ongeza unene wa ukuta na plasta kwenye namba unayoandika. Ukitaka 360 safi baada ya plasta, andika 378. Pembe nazo ziandike kwa namba, usiziburute kwa mkono. Programu inavuta mstari kwenye pembe za mafungu ya digrii 15, na hilo linasaidia, ila mvuto huo ukizimika bila kukusudia unapata ukuta wa digrii 89 usiouona mpaka siku ya kuweka vigae.

Hakiki kwa zana ya vyumba. Bofya mara mbili ndani ya kuta nne, chumba kinajazwa chenyewe na eneo lake kwa mita za mraba linaandikwa. Hesabu hiyo inafuata uso wa ndani wa ukuta, si katikati, lakini plasta haimo. Chumba cha 360 kwa 360 baada ya plasta ni 12.96, na kwa kuwa programu haitoi plasta itasoma juu ya hapo kidogo. Kikigoma kujazwa, kuna pembe ambayo kuta hazikuungana. Ikuze picha, utaona pengo la sentimita moja au mbili. Eneo hilo ndilo la kwenda nalo dukani: vigae vya sentimita 40 kwa 40 ni 0.16 kila kimoja, kwa hiyo 12.96 inahitaji vigae 81, na ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unafika 89.

Matofali unahesabu mwenyewe, programu haikufanyii. Tofali la 45 kwa 23 lililosimamishwa, pamoja na mota, linatoa karibu 9 kwa mita moja ya mraba, lililolazwa karibu 13. Nyumba ya 12 kwa 10 ina kuta za nje za mita 44, zikipanda mita 3 ni 132 za mraba. Toa milango na madirisha, tuseme 20, zidisha 112 kwa 9, ni matofali 1,008 kabla ya kuta za ndani na msingi. Ongeza asilimia 5 ya yanayovunjika kwenye lori.

Milango na madirisha ya kwenye katalogi yasikudanganye kwa kuonekana sawa. Kila moja lifungue uandike vipimo vyako upya: mlango wa chumba 90 kwa 210, wa choo 75, dirisha 150 kwa 150. Kwa dirisha kuna kisanduku cha kimo kutoka sakafuni. Ukitaka juu ya dirisha na juu ya mlango vilingane kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) ya 210, dirisha la 150 linaanzia 60, la 120 linaanzia 90, na la choo la 60 kwa 60 linaanzia 150. Ukiruka hapa, fundi ataamua mwenyewe, na mara nyingi ataamua kwa kozi za matofali aliyonayo mkononi.

Kitu nilichokipenda kuliko nilivyotarajia ni dira. Iko kwenye ramani, ukiifungua unaweka kaskazini ya kiwanja chako, latitudo ya kusini kama digrii 6.2, longitudo ya mashariki kama 35.7, na majira ya Dar es Salaam. Kisha ukitengeneza picha kwa viwango vya juu vya ubora unachagua tarehe na saa, na jua linaingia dirishani kama litakavyoingia kweli. Ijaribu kwa saa tisa alasiri: sebule yenye dirisha kubwa la magharibi inawaka. Jaribu na saa sita mchana ya Juni, uone jua liko kaskazini, na ya Desemba likiwa limeegemea kusini kidogo. Picha moja ya ubora wa juu inaweza kuchukua muda mrefu kwenye mashine dhaifu, kwa hiyo anza na picha ndogo. Upepo haumo. Upepo wa mashariki na kusini-mashariki wa kiangazi, na vumbi lake, utaukumbuka mwenyewe unapochagua upande wa jiko la nje.

Kama una mchoro wa mkono, programu inakubali picha yake iwe chini ya ramani ili uchore juu yake. Inakutaka uvute mstari juu ya kipimo unachokijua na uandike urefu wake. Tumia kipimo kirefu kuliko vyote, upande mzima wa kiwanja na si upana wa mlango, kwa sababu kosa dogo la kubofya kwenye mstari mfupi linazidishwa kwenye nyumba nzima. Na usipige picha kwa simu ukiwa umeinama. Karatasi inapinda kwenye picha, pembe mraba inakufa. Skani ya dukani ni shilingi chache tu.

Kuchapisha: kwenye mpangilio wa ukurasa, ondoa picha ya 3D na orodha ya samani, bakiza ramani, andika skeli mwenyewe. Nyumba ya 12 kwa 10 kwa 1:100 inakaa vizuri kwenye A4. Kwa 1:50 inahitaji sentimita 24 kwa 20, na pambizo za A4 haziiruhusu, kwa hiyo ni A3. Toa PDF, mpelekee mtu wa stesheneri, umwambie achapishe ukubwa halisi, asilimia 100. Mashine nyingi zimewekwa kupunguza ili karatasi itoshe, na hapo ndipo rula inaposoma 69 badala ya 72. Pima mbele yake kabla hujalipa.

Nyingine nimezipitia kwa kipimo hichohicho. Planner 5D na Floorplanner zinapendeza na ni rahisi kutumia, lakini kwa sehemu kubwa zinategemea intaneti na vitu vingi vizuri viko nyuma ya malipo. Kwa kuchagua rangi na mpangilio wa sebule ziko sawa. SketchUp ya bure inafanya kazi ndani ya kivinjari, ina nguvu kuliko zote kwa maumbo, na itakula wiki zako kujifunza. LibreCAD haina 3D wala kochi, ni mistari mitupu, lakini inatoa faili za DXF ambazo mbunifu anaweza kuzifungua na kuendelea.

Hapo ndipo Sweet Home 3D inapokwama. Yenyewe inatoa PDF, SVG na OBJ, si DXF, hivyo mtaalamu atachora upya na utamlipa kwa hilo. Haina zana ya paa, kwa hiyo usiombe bei ya bati na kenchi kutokana na picha yake. Haijui kama kiwanja chako kiko kwenye mwamba au kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na nyufa za kuta huanzia humo. Kwa kibali cha ujenzi cha halmashauri unahitaji michoro ya mbunifu, pamoja na masharti ya kiwanja chako kuhusu umbali kutoka mpakani. Ramani yako ya Sweet Home 3D iwe ni karatasi unayomkabidhi siku ya kwanza, vipimo vya ndani vikiwa vimeandikwa kwa sentimita na futi kando yake, kwa sababu yeye atazungumza mita na fundi atazungumza futi.