Kuinua nyusi kwa upasuaji: tazama nywele kabla ya kamera

Anayetafuta huduma hii Kampala huuliza kwanza kama kliniki ina kamera ndogo ya kuingiza chini ya ngozi wakati wa upasuaji. Aulize kwanza habari za nywele zake. Mwanamke aliyesuka rasta za kubana miaka mingi huenda nywele za mbele zimeshanyonyoka na paji limerefuka. Akipasuliwa kwa njia ya zamani, sikio hadi sikio kupitia utosini, paji linazidi kurefuka, na ngozi iliyo nyuma ya kovu hufa ganzi, pengine moja kwa moja. Huyo anafaa kupasuliwa pale pale nywele zinapoanzia, kisu kikiwa kimelazwa ili vinyweleo viote kupitia kovu.

Njia ya kamera tunaisifu kwa paji fupi lisilobinuka sana. Chale ni 3 hadi 5, kila moja kama sentimita 2, zote ndani ya nywele. Utando wa mfupa hubanduliwa mpaka ukingo wa tundu la jicho, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika: usipoachiliwa vizuri, hasa upande wa nje, nyusi hupanda kwenye meza ya upasuaji na kushuka baada ya miezi, hata zifungwe kwa skrubu. Zikivutwa mno katikati, mtu hubaki na sura ya kushtuka. Neva inayoinua nyusi hupita panjani. Daktari hodari hupita chini yake, juu tu ya utando mweupe wa msuli.

Lakini wengi wamelegea mkia wa nyusi tu. Hao chale moja kila panja, sentimita 3 au 4, inawatosha, na ndiyo huduma tunayoipendekeza zaidi. Kukata ngozi juu tu ya nyusi huinua kwa uhakika na hufaa uso uliopooza, ila kovu liko wazi na kwenye ngozi nyeusi laweza kukolea rangi au kuwa keloidi, yaani kovu nene linalovimba na kutanuka.

Kliniki isiyopima kope, iache. Nyusi na kope zikifanywa siku moja, nyusi zitangulie, ndipo ngozi ya kope ipimwe; vinginevyo jicho laweza kushindwa kufumba. Hakikisha daktari amesajiliwa na baraza la madaktari la Uganda, na uombe picha za wagonjwa wake baada ya mwaka.

Ukishatoka, helmeti ya boda isubiri hadi daktari aruhusu. Upande mmoja ukivimba ghafla na kuuma, damu inavilia ndani: rudi usiku huo huo.