Viza ya mchumba au ya mke/mume kwenda Uingereza: tathmini

Kwa wachumba walioko Arusha na Moshi, viza ya mchumba ni ghali kuliko inavyoonekana. Inadumu miezi 6, hairuhusu kazi, na mkishafunga ndoa huko mnaomba tena na kulipa tena. Viza ya mwenza inatoa miezi 33 na ruhusa ya kazi tangu siku ya kwanza, ila ada ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, inalipwa yote mwanzoni. Jiandaeni.

Kufunga ndoa bomani kwanza ndiyo njia bora. Wekeni notisi siku 21 kabla. Picha za kutoa mahari si cheti.

Wengi hukwama kwenye kipato. Tangu Aprili 2024 mwenyeji, yaani mwenza aliyeko Uingereza, anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Hati za mshahara za miezi 6 zilingane na taarifa ya benki, malipo kwa malipo, na ya mwisho isizidi siku 28 kabla ya kuomba. Mwezi mmoja ukikosekana, wanaweza kukataa, na ada ya maombi hairudi.

Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa viza zote mbili.