Mbaazi tamu, meneja mchungu

Mwenye haraka asome hapa tu: mbaazi zao ni tamu, ila omba Mungu meneja wao asikaribie meza yako. Nyota mbili. Nilikuwa nimeweka moja, nikaongeza ya pili kwa ajili ya aliye jikoni, ambaye sijawahi kumwona na ambaye hana kosa.

Sisi ni marafiki wa kusoma. Si chama, hatuchangi pesa wala hatununui ploti. Tunachagua riwaya, tunakutana Jumamosi asubuhi, tunabishana, tunakula. Tukisema ukweli, kula ndiko kunakotutoa nyumbani. Kuna mwenzetu mmoja wa Rongai ambaye sidhani amewahi kufika ukurasa wa mwisho wa kitabu chochote, lakini sahani yake huwa ya kwanza kuwa tupu. Zamani tulijaribu Maktaba ya McMillan pale Banda Street, Nairobi, lile jengo la 1931 lenye simba wa mawe mlangoni. Lakini maktaba ni maktaba, huwezi kucheka kwa sauti wala kufunua sufuria ya pilau. Ndipo mtu akatuletea habari za hoteli hii ya Ngara, eti ina chumba cha juu, tulivu, na mpishi wa pwani.

Siku hiyo, mwezi uliopita au ule wa nyuma yake, tuliagiza mbaazi za nazi meza nzima. Mhudumu, kijana mpole kweli, akatuambia mahamri yameisha. Saa nne asubuhi! Akatupa hiari ya chapati au mkate wa slaisi. Mbaazi na mkate wa slaisi, jamani. Nilimtazama nione kama anatania.

Sasa, kati yetu yuko Mwalimu, mkubwa wetu sote, mstaafu, mzaliwa wa Mombasa. Akamwambia yule kijana, "Usijali mwanangu, wewe leta mbaazi tu." Akavuta mkoba, akatoa mkebe wa Kimbo uliofungwa kwa kitambaa cha leso. Alikuwa ameamka alfajiri akakanda na kukaanga, kama afanyavyo akijisikia vizuri. Alipofunua, harufu ya iliki ikajaa chumba. Mahamri ya pembe tatu, yamefura, rangi ya kahawia iliyokolea. Nilichana moja, ndani wazi, mvuke bado unatoka. Sikuwahi kulifikisha mdomoni.

"Madam, chakula cha nje hakiruhusiwi."

Hakuna hujambo, hakuna samahani. Meneja, umri wa mjukuu wake, amesimama na simu mkononi. Mwalimu akamjibu kwa upole, "Lakini baba, si mmesema yenu yameisha?" Naye: "Hapa si nyumbani kwenu." Akauinua ule mkebe kwa vidole viwili kama aliyeokota panya mfu, akauweka nyuma ya kaunta, chini, kando ya mopu na chupa ya Jik. Kisha akarudi, akalichukua na lile langu nililokuwa nimelichana. Mkononi mwangu!

Naelewa kila hoteli ina masharti yake. Ungekuwa mkebe wa biriani, na biriani wanayo, ningenyamaza. Lakini unamkatazaje mtu kitu ambacho wewe mwenyewe huna cha kumuuzia?

Mwalimu hakukasirika hata kidogo. Akafungua riwaya, akasema tuendelee pale tulipoachia. Tukaendelea, ingawa mimi sikusikia neno.

Halafu mbaazi zikaja, na hapa ndipo roho inaponichanganya. Lile ni tui la nazi iliyokunwa, si unga wa paketi. Mbaazi zimeiva lakini hazijapondeka, tui zito limekaa juu, na pilipili nzima ya kijani katikati, haijapasuka. Tulikula kwa chapati huku tumenuna, tukafuta bakuli. Mchana tukaagiza biriani. Wali mbali, masala mbali, vitunguu vimekaangwa hadi vikakauka, vinavunjika ukivigusa. Kufikia hapo, nakiri, nilikuwa nawaza nyota tatu, hata nne.

Kisha bili. VAT 16% imeongezwa juu ya bei ya menyu, na ile tozo ya utalii ya 2% nayo juu, wakati hoteli nyingi mjini huziweka ndani ya bei unayoisoma. Chini yake, kwa kalamu, mtu ameandika "chakula cha nje" na pesa zake. Tunatozwa kwa mahamri ambayo hakuna aliyeyala! Niliuliza. Meneja akasema ndiyo sera. Nikasimama. Na yule wa Rongai, ambaye hajawahi kumlipia mtu hata nauli, akatoa simu, akalipa bili yote kwa M-Pesa kabla sijafungua mdomo tena. Akaniambia, "Kaa chini, utampandisha Mwalimu presha." Mahamri tulikuja kuyala steji, tumesimama, na makanga wawili wakapata yao. Yalikuwa yamepoa.

Kwa hiyo nyota ni moja. Chumba ni kizuri, kijana mhudumu apandishwe mshahara, jikoni wabarikiwe, lakini moja.

Shida ni kwamba kundi limepiga kura na tunarudi. Aliyependekeza ni Mwalimu mwenyewe, eti anataka kujua yule mpishi anatia nini kwenye mbaazi. Ukienda kabla yetu, uliza kama mahamri yapo ukiwa bado chini, usipande ngazi bure, na udai risiti ya eTIMS, ile ya kodi inayotambuliwa na KRA. Mimi nimewaambia nitakunywa chai nyumbani, nitakuja kwa ajili ya kitabu. Hawakuniamini. Haya, nyota mbili, lakini ya pili ni ya mkopo.