Tiba ya mazungumzo Uingereza: tathmini ya huduma, na ya mkalimani wake

Kwa miezi minne nimekuwa nikimsindikiza shangazi yangu, mzaliwa wa Unguja anayeishi Uingereza kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye huduma ya bure ya tiba ya mazungumzo inayotolewa na serikali kwa watu wazima wenye sonona au wasiwasi uliopita kiasi. Kituo chenyewe sikitaji, kwa sababu Waswahili wa mji wetu ni wachache na ukitaja kituo umeshamtaja mtu. Nawaandikia wanaojiuliza kama huduma hii inamfaa mtu ambaye Kiingereza chake ni cha dukani, na ambaye amekua akisikia kwamba mwenye maradhi ya akili mahali pake ni Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja.

Jina la hospitali hiyo tumehama nalo, kama ndugu zetu wa bara walivyohama na jina la Mirembe, hospitali kama hiyo ya Dodoma. Shangazi alikuwa halali, chakula kinamshinda, na kila ikifika alasiri kifua kinambana. Nyumbani tulifanya tulichokijua: alisomewa, akanywa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, akapimwa presha mara tatu. Neno akili hakuna aliyethubutu kulitamka, kwa kuwa binti yake alikuwa ameshaposwa na tulihofia upande wa pili ungeuliza kama ukoo wetu una wazimu.

Kuingia katika huduma ni rahisi kuliko nilivyodhani. Huhitaji barua ya daktari. Unajiandikisha mwenyewe kwa simu au kwa mtandao. Huduma hizi zilianza mwaka 2008, na lengo lililowekwa ni kwamba asilimia 75 ya wagonjwa waanze tiba ndani ya wiki 6 na asilimia 95 ndani ya wiki 18. Sisi tuliitwa wiki ya tano, kwa hiyo hapo sina lawama.

Lawama yangu inaanzia kwa mkalimani. Siku ya kwanza aliunganishwa kwa simu kutoka kampuni ya nje, na kabla ya swali lolote, kwa adabu zote za Kiswahili, akasema: "Shikamoo mama. Wewe wa wapi, mtoto wa nani?" Mtaalamu alidhani ni salamu tu. Shangazi alinitazama, kisha akajibu kwamba yeye ni mtu wa Dar es Salaam. Baada ya uongo huo mmoja yaliyofuata yakawa mepesi: analala vizuri, anakula, hana neno, alhamdulillah. Dodoso la sonona lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 ndipo mtu huhesabiwa kuwa anahitaji tiba. Shangazi alipata 3. Swali la mwisho, linalohusu mawazo ya kifo, mkalimani alilitupa kama jiwe: "Unataka kujiua?" Shangazi aliruka kitini. "Astaghfirullah!"

Kwa bahati mtaalamu hakuziamini zile alama. Wiki ya pili aliomba mkalimani mwingine, mwanamke kutoka mji wa mbali, na mimi akaniomba nikakae nje. Nilikasirika, nikiamini kwamba bila mimi shangazi asingesema kitu. Ndani ya basi, tukirudi nyumbani, ndipo aliponisimulia. Yule mama kwa lafudhi alikuwa mtu wa Kongo, na Kiswahili chake na cha Unguja viligongana mara kadhaa, lakini hakuuliza ukoo. Hakutaja maradhi ya akili. Aliuliza kama moyo ni mzito. Swali la mwisho akalileta hivi: "Mama, kuna siku unaona heri Mungu akuchukue?" Shangazi alinyamaza kitambo, kisha akajibu, "Zipo." Alama siku hiyo zilikuwa 19. Tofauti ya 16 ndani ya wiki moja, na ugonjwa haukuwa umebadilika.

Baada ya jibu hilo mtaalamu alipanga naye hatua za usalama, ikiwemo namba 111 ambayo, ukichagua 2, inakupeleka kwa watu wa dharura za afya ya akili. Shangazi alitaka kwanza kujua kama ukipiga wanakuja na polisi. Swali hilo lisichukuliwe kuwa ushamba. Kwa takwimu za serikali yenyewe, watu weusi nchini humo huzuiliwa hospitalini chini ya sheria ya afya ya akili ya mwaka 1983 kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha wazungu. Katika mtaa wetu anayeficha mgonjwa mara nyingi ameshaliona gari likimchukua kijana wa jirani, kwa hiyo kuwahubiria watu waache aibu bila kuligusa jambo hilo ni kazi bure.

Tiba yenyewe naipa nyota tano. Mtaalamu aliuliza kuhusu kombe bila kucheka, akamwambia aendelee nalo akipenda, na akamtaka arudie kazi moja aliyoiacha. Shangazi akachagua kushona kofia. Alimaliza na alama 8. Karatasi za mazoezi zilikuwa za Kiingereza kitupu, nikawa nazitafsiri mezani usiku. Ukalimani nawapa nyota mbili, zote za yule mama wa Kongo. Ukijiandikisha, sema mapema kwamba unataka mkalimani wa mji mwingine, awe yule yule kila wiki, na asiulize ukoo. Mwanao asikufanyie kazi hiyo, na akikusindikiza, akae nje.

Barua nazipa nyota moja. Ya mwisho ilikuja na jina la huduma limechapwa juu ya bahasha kwa herufi kubwa, siku ambayo wakwe walikuwa sebuleni, na shangazi aliiwahi mlangoni akaikunja ndani ya kanga. Kesho yake tukaomba wawe wanapiga simu. Wakakubali papo hapo.