Uzoefu wangu wa kurekebisha usomaji wa mapema wa Linux katika studio yetu Mtwara

Ninafanya kazi katika studio ya video hapa Mtwara mjini. Sehemu kubwa ya kazi zetu ni harusi na sherehe za unyago, na picha zake zote hukaa katika kompyuta moja inayotumia mfumo endeshi wa Linux, yenye diski ya kuzunguka ambayo wahariri watatu huisoma kwa wakati mmoja kupitia mtandao wa ndani. Mhariri mmoja akiwa peke yake, video ilikwenda vizuri. Wakiwa watatu, zote zilikwama, ingawa kiasi walichohitaji kwa pamoja hakikufikia uwezo wa diski. Tulikuwa tumekwisha kuulizia bei ya diski mpya nilipoamua kuchunguza kwanza namna kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inavyosoma diski.

Kerneli ya Linux haileti kile tu kilichoombwa. Ikiona faili inasomwa mfululizo, huchukua na kurasa (vipande vidogo vya data) zinazofuata na kuziweka katika RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kabla hazijahitajika; huo ndio usomaji wa mapema. Hufanya hivyo ikianza na kiasi kidogo na kukiongeza hadi ukomo uliowekwa, ambao kwa kawaida ni kilobaiti 128. Huweka pia alama kwenye ukurasa mmojawapo kati ya zile ilizotanguliza, ili programu ikiufikia, shehena nyingine iwe inaagizwa wakati ya kwanza haijaisha. Utaratibu huu wa alama uliingia katika toleo la 2.6.23, mwaka 2007, nami nauheshimu sana. Tatizo letu lilikuwa ule ukomo. Video za wahariri zilikuwa sehemu tatu tofauti za diski, na baada ya kila kipande kidogo kichwa cha kusomea kililazimika kuhama, kama mchukuzi anayevuka ghala zima la korosho kwa ajili ya gunia moja, kisha akarudi upande wa pili kufuata jingine.

Niliandika 2048 katika read_ahead_kb, faili la mpangilio linaloweka ukomo huo kwa kilobaiti, lililo chini ya /sys/block/sda/queue, bila kuizima kompyuta wala kuwasimamisha wahariri, na siku ileile video tatu zikaenda pamoja.

Kosa langu lilikuwa kupandisha tena hadi 16384. Programu ya taarifa za wateja, ambayo hifadhidata yake ilikuwa kwenye diski hiyohiyo, ikaanza kuchelewa. Hifadhidata ile huzifungamanisha faili zake moja kwa moja na RAM, na kwa njia hiyo ukurasa mmoja ukikosekana humo, kerneli huweza kuvuta eneo zima linalouzunguka, kwa ukubwa wa ukomo uleule. Tulitafuta namba ya simu ya mteja mmoja, nayo ikaleta hadi megabaiti 16, huku RAM yetu ya gigabaiti 8 ikijaa vitu visivyotakiwa.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni programu yenyewe kuieleza kerneli nia yake kwa posix_fadvise, wito ambao programu huutumia kuishauri kerneli: ikisema faili itasomwa mfululizo, Linux huongeza ukomo mara mbili kwa faili hiyo peke yake, na ikisema itasomwa huku na huko, usomaji wa mapema husimamishwa. Kwa faili zilizofungamanishwa na RAM upo wito kama huo, madvise. Kwa kuwa programu tunazotumia hazifanyi hivyo, na kwa kuwa kila diski ina ukomo wake, nilihamishia hifadhidata kwenye diski ndogo ya pekee yenye 128, na ile ya video nikairudisha 2048.

Mambo mawili hayajaniridhisha. Umeme ukikatika na kompyuta ikawaka upya, thamani hurudi ya awali, hivyo nililazimika kuandika kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapotambuliwa, ili ijiweke yenyewe. La pili ni vipimo: amri ya blockdev --setra, njia nyingine ya kuweka ukomo uleule, huhesabu sekta za baiti 512, kwa hiyo 2048 niliyoiandika huko ilikuwa megabaiti 1 tu, nusu ya nilichokusudia, na nilipoteza alasiri nzima nikitafuta kwa nini video zilikuwa zimeanza kukwama upya.