Maandamano au kesi: kipi kinabadilisha sera za ukatili dhidi ya wanawake?
Hili swali haliishi kwa wanaharakati, tuingie barabarani au twende kortini? Kwa spidi barabara inashinda, Argentina waliandamana Juni 2015 chini ya kaulimbiu ya Ni Una Menos (yaani asipungue hata mwanamke mmoja) na mwaka huohuo Mahakama Kuu yao ikaanzisha rejista ya mauaji ya wanawake. Kesi inakwenda polepole mno. Maria da Penha wa Brazil alipigwa risasi na mumewe 1983 akapooza miguu, mashirika yakamsaidia kupeleka malalamiko yake kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika 1998, sheria inayobeba jina lake ikaja 2006, yaani miaka yote hiyo mama wa watu anasubiri tu, inauma jamani. Ila kilichopatikana kina meno: amri za kumzuia mpigaji asimkaribie mkewe, na korti maalum.

Gharama? Kesi inataka mawakili na ushahidi, maandamano yanataka umati. Kama watu mnao ila serikali haitaki hata kuwasikia, anzeni barabarani. Kama kuna manusura aliye tayari na faili lake limekamilika, nendeni kortini, lakini usalama wake kwanza.