Tathmini ya Firefox ESR kwenye vipakatalishi vikuukuu vya shule, Kisumu

Maabara ninayoisimamia katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Kisumu, upande wa kuelekea Ahero, ina mashine za aina ambayo walimu wengi wa kompyuta wa magharibi mwa Kenya wanaijua vyema: HP Stream za inchi 11 na ThinkPad 11e zilizokwisha kutumika Ulaya, zenye prosesa za Celeron na kumbukumbu ya gigabaiti 4, nyingine 2. Kazi inayotakiwa si kubwa. Wanafunzi hufungua maudhui ya KICD (taasisi ya mitaala ya Kenya), hutazama video za baiolojia na kuandika insha, na walimu huja jioni kujaza TPAD, fomu za mtandaoni za tathmini ya kazi yao. Yote hayo hupitia kivinjari, na kivinjari ndicho kinachoamua kama mashine ya bei nafuu ya mwaka 2014 bado ni kompyuta au imegeuka sinia. Baada ya kuitumia Firefox ya ESR, yaani toleo lake la taasisi, juu ya Debian (mfumo wa uendeshaji wa aina ya Linux) kwa muda wa kutosha kuiona ikipita mihula mizuri na mibaya, naipendekeza, ingawa si kwa kila mashine.

Sehemu kubwa ya vipakatalishi hivi hufika madukani vikiwa na Windows 7 au 8.1 na Chrome. Chrome 109, iliyotolewa Januari 2023, ndiyo ya mwisho kukubali mifumo hiyo miwili. Tangu hapo kivinjari kinaendelea kufungua kurasa kama kawaida, na ubaya uko papo hapo, kwa kuwa mwanafunzi haoni tofauti yoyote ilhali mianya ya usalama iliyogunduliwa baadaye haikuzibwa. Windows 10 nayo iliacha kuhudumiwa bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za miaka hiyo. Mafundi wengi wa mjini hujibu tatizo hili kwa kuweka kivinjari “chepesi” chenye jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mimi sikubaliani nao. Uzito mwingi umo ndani ya kurasa zenyewe, na kivinjari kisicho na watu wa kukirekebisha hakistahili kukabidhiwa nywila ya mwalimu.

ESR ni toleo ambalo Mozilla huliandaa kwa ajili ya taasisi. Sura na vipengele vyake hubadilika takriban mara moja kwa mwaka, kama ilivyokuwa kwa 115 ya Julai 2023, 128 ya Julai 2024 na 140 ya Juni 2025, huku marekebisho ya usalama yakija kila baada ya wiki nne hivi. Kwa mwalimu anayefundisha darasa zima mahali kitufe kilipo, utulivu huo una thamani kuliko kipengele chochote kipya. Debian huja nayo tayari. Faili moja iitwayo policies.json inatosha kupanga ukurasa wa mwanzo, kuzuia wanafunzi wasiongeze viongezi vyao (programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo), na kusakinisha uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo, kwenye kila mashine bila kuigusa moja moja.

Hiyo uBlock Origin ndiyo sababu kubwa ya kuichagua Firefox. Ukurasa wa habari wenye matangazo huendesha hati nyingi za ufuatiliaji ambazo msomaji hazioni, na Celeron ya zamani huchoka nazo kabla ya aya ya kwanza kuonekana. Kiongezi hiki huzikata zisipakuliwe kabisa, kwa hiyo hupunguza kazi ya prosesa na pia matumizi ya bando. Katika mwaka 2025 Chrome ilikamilisha kuviondoa viongezi vilivyojengwa kwa mfumo wa zamani, uBlock Origin ikiwemo, na kubakiza ile ya Lite yenye uwezo mdogo. Firefox bado inaikubali ile kamili. Kwenye mashine mpya pengine tofauti hii ni ya wapenda ubishi; kwenye Stream inaonekana kwa macho, tena na mtu asiyejua lolote kuhusu viongezi.

Video zinahitaji maelezo zaidi kidogo. YouTube hupenda kutuma picha kwa kodeki (njia za kubana video) za VP9 au AV1, ambazo chipu za miaka ile haziwezi kuzifungua kwa maunzi, hivyo prosesa hulazimika kuifanya kazi yote yenyewe, mashine inapata moto, na sauti inatangulia picha. Kiongezi kiitwacho h264ify huiomba YouTube itume H.264, ambayo chipu hizo huimudu vizuri. Tangu toleo la 115, Firefox ya Linux huwasha yenyewe ufunguaji wa video kwa maunzi ya Intel, bila mtu kwenda kuchokonoa mipangilio. Video ya mgawanyiko wa seli iliyokuwa ikikwama kila sekunde chache sasa inakwenda mpaka mwisho, ilimradi ubora uachwe kwenye 480p, ambao kwa kioo cha inchi 11 haumnyimi mtu chochote.

Lawama nyingi kinazotupiwa kivinjari si zake. Betri ndogo ya CR2032 ikifa kwenye ubao mama, kila umeme unapokatika (na hapa unakatika) saa ya mashine inarudi miaka kadhaa nyuma, kisha karibu kila tovuti inakataliwa kwa madai kwamba cheti chake, yaani uthibitisho wa kidijitali wa utambulisho wake, hakijaanza kutumika. Mwanafunzi husema intaneti imeharibika. Angalau Firefox mara nyingi huandika waziwazi kwamba huenda saa ya kompyuta ina kasoro, na mwenye kusoma onyo hilo hadi mwisho hahitaji fundi. Vilevile Firefox hubeba orodha yake ya vyeti vya mizizi, ambavyo hutumika kuhakiki vyeti vya tovuti, kwa hiyo haikutetereka pale cheti cha zamani kilichotumiwa na Let's Encrypt kilipokwisha muda tarehe 30 Septemba 2021, ilhali vivinjari vinavyotegemea orodha ya mfumo wa uendeshaji vilipata shida kwenye mifumo isiyosasishwa.

Hata hivyo, orodha hiyo hiyo ina upande wake mchungu. Tarehe 14 Machi 2025 cheti cha mizizi cha Mozilla chenyewe kilikwisha muda, na matoleo yaliyotangulia 128, isipokuwa ESR 115.13 na zilizofuata katika mkondo huo, yakawa katika hatari ya kupoteza viongezi. Anayeitaka Firefox basi akubali kuisasisha kwa nidhamu. Sisi tumeweka apt-cacher-ng kwenye mashine moja, ambayo hupakua masasisho mara moja na kuzigawia nyingine kwa waya, kwa kuwa kuiacha kila kompyuta ijipakulie yake ni kulimaliza bando kabla ya Jumatano.

Mashine za gigabaiti 2 sizisifu. Hata nikiwa nimewasha zram, ambayo hubana yaliyomo kwenye kumbukumbu badala ya kuyapeleka kwenye hifadhi ya eMMC iliyo polepole, vichupo vitatu ndio mwisho wa raha. Cha nne kikiwa hati ya Google, kishale kinaganda. ChromeOS Flex, mfumo wa Google kwa kompyuta za zamani, si mbadala kwazo, kwani nayo inadai gigabaiti 4, ingawa shule yenye mashine za kiwango hicho na akaunti za Google kwa kila mwanafunzi ingeweza kuijaribu kwa faida.

Zimebaki Acer Aspire One za Atom N270, zenye prosesa ya biti 32. Chrome iliiacha Linux ya biti 32 tangu 2016. Firefox nayo imeshaiacha katika matoleo ya kawaida, na ESR 140 imeahidiwa marekebisho hadi angalau Septemba 2026. Baada ya hapo nitazitoa kwenye mtandao na kuwaachia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wajifunzie kupiga chapa.